Saitokini: Mbiu ya kinga inayoulinda moyo na kuuchoma

HOMA inapompungua mgonjwa na maumivu ya viungo kutulia, jamaa humshukuru Mungu na kuhesabu kuwa maradhi yamepita. Kwa walio wengi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, kuna wachache ambao huanza kuumia moyo katika siku hizo hizo za ahueni, na kinachowaumiza si virusi pekee bali pia majeshi ya mwili wenyewe.

Maradhi hayo huitwa mayokaditisi, yaani mchochota wa msuli wa moyo. Chanzo chake kikuu ni virusi, lakini ukali wake hutegemea sana protini ndogo ndogo ambazo mwili hutumia kuamrisha kinga yake. Wanasayansi huziita saitokini.

Kwa wakazi wa Mombasa wanaoishi nje ya kisiwa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, suala hili si la maabara za ng'ambo tu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 250,358 Likoni, 291,930 Kisauni na 131,882 Changamwe. Watu hao wanaishi katika mwambao ambao kwa karne mbili umekumbwa na milipuko ya homa za mbu, nazo homa hizo zimo katika orodha ya maradhi yanayoweza kuugusa moyo.

Mchochota ni nini?

Mwiba ukimchoma mtu kidoleni na kuachwa humo, kidole huvimba, hupata joto, huwa chekundu na kupwita usiku kucha. Huo ndio mchochota. Damu imeongezeka mahali pale, mishipa midogo imelegea ili kuruhusu maji na chembe nyeupe kupenya, na vita dhidi ya uchafu vimeanza. Baada ya siku chache usaha hutoka, uvimbe hupungua na kidole hurudia hali yake.

Moyo hauna nafasi kama hiyo ya kuugua na kupona. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na hauwezi kusimama ili ujiuguze. Msuli wake ukivimba, nguvu ya kusukuma damu hupungua papo hapo. Zaidi ya hayo, seli za msuli wa moyo zikifa ni nadra sana kuzaliwa nyingine mahali pake. Pengo huzibwa kwa kovu, nalo kovu halijikunji wala halipitishi vyema umeme unaoratibu mapigo. Likiwa kubwa, moyo hutanuka, kuta zake hudhoofika na mgonjwa hubaki na udhaifu wa moyo maisha yake yote.

Virusi vinavyoweza kusababisha hali hiyo ni vingi. Miongoni mwavyo ni virusi vya Coxsackie, vilivyopewa jina la mji mmoja wa jimbo la New York, Marekani, vilikotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Vingine ni vya mafua makali, vya Ukimwi, vya korona, vya dengue na vya chikungunya. Bakteria wa dondakoo nao hutoa sumu inayoudhuru moyo, na baadhi ya dawa mpya za saratani zinazoamsha kinga huweza kuugeuza mwili dhidi ya moyo wake.

Wapiga mbiu wa mwili

Zamani katika miji ya Waswahili, jambo zito lilipozuka mpiga mbiu alipita mitaani akilia pembe ili watu watoke majumbani wakasikilize. Ndipo wahenga wakanena kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Saitokini hufanya kazi inayofanana na hiyo. Seli iliyovamiwa haina mdomo wala miguu, hivyo hutoa protini hizo, nazo husambaa hadi kwenye seli jirani au huingia katika damu na kufika mbali. Kila seli yenye kipokezi kinachofaa huishika protini hiyo na kutekeleza amri iliyomo.

Ziko saitokini za aina nyingi, na kila moja ina ujumbe wake. Zinazohusika zaidi na moyo ni hizi zifuatazo.

Intaferoni ndiyo ya kwanza kulia. Iligunduliwa mwaka 1957 jijini London na Alick Isaacs, mwanasayansi wa Uingereza, pamoja na mwenzake Jean Lindenmann wa Uswizi. Waliona kuwa seli zilizokutana na virusi hutoa kitu kinachozifanya seli nyingine zisiambukizwe kwa urahisi. Seli ya msuli wa moyo ikipata ujumbe wa intaferoni, hufunga milango yake na kuzuia virusi visizaliane ndani yake. Panya wa maabara walionyimwa uwezo wa kuupokea ujumbe huo hufa mapema wanapoambukizwa virusi vya Coxsackie.

TNF hutolewa kwa wingi na chembe nyeupe zinazomeza wadudu. Hulegeza kuta za mishipa midogo ili askari wapite, na huziita chembe nyingine zije kusaidia. Lakini ikizidi, hupunguza nguvu ya msuli wa moyo kujikunja na huweza kuziamuru seli zijiue.

Intalukini ya kwanza, ijulikanayo kama IL-1, huchochea homa na kuukoleza mchochota. Mwenzake IL-6 hufika hadi kwenye ini na kuliamuru litengeneze protini iitwayo CRP, ambayo ndiyo madaktari huipima katika damu wanapotaka kujua kama kuna mchochota mwilini.

IL-17 hutolewa na kundi moja la chembe za kinga zinazofika baadaye. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mchochota wa awali unaweza kutokea hata bila ya protini hii, lakini moyo kutanuka na kuota makovu hapo baadaye kulihitaji kuwepo kwake.

Mwisho, ziko protini za kutuliza, nazo ni IL-10 na TGF-beta. Hizi huwatangazia askari kuwa vita vimekwisha, warudi makwao. Hata hizo nazo zina kasoro: TGF-beta, katika juhudi zake za kukarabati, ndiyo pia inayohimiza utengenezaji wa kovu.

Msumeno hukata mbele na nyuma

Swali lililowashughulisha wataalamu kwa miongo mingi ni hili: je, saitokini ni rafiki au adui wa moyo? Majaribio mawili kuhusu TNF yanatoa picha kamili.

Mwaka 1997, watafiti nchini Marekani walitengeneza panya ambao mioyo yao ilitoa TNF kupita kiasi. Hapakuwa na virusi vyovyote. Panya hao walipatwa na mchochota wa msuli wa moyo, mioyo ikatanuka na kudhoofika. Ilikuwa bayana kwamba mbiu peke yake, bila ya adui, inatosha kuubomoa mji.

Mwaka 2001, watafiti wengine walifanya kinyume chake. Walichukua panya wasiokuwa na TNF kabisa, wakawaambukiza virusi vinavyoshambulia moyo. Kama TNF ingekuwa adui mtupu, panya hao wangenusurika. Badala yake walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao wa kawaida, kwa kuwa virusi vilizaliana mioyoni mwao bila ya kuzuiwa.

Majibu hayo mawili hayapingani. Yanaonyesha kuwa jambo la msingi ni kiasi na wakati. Katika siku za mwanzo virusi vimo ndani ya seli za moyo na vinazaliana, na hapo mbiu ni uokozi. Kuanzia mwishoni mwa wiki ya kwanza na katika wiki ya pili, chembe za kinga zilizofunzwa huwasili kwa wingi na kuua seli zilizoambukizwa. Moyo hupata hasara, lakini ni hasara ya lazima. Kwa wagonjwa walio wengi virusi hutoweka, protini za kutuliza hushika hatamu na moyo hupona. Kwa wachache mbiu haikomi. Askari, ambao sasa wameona vipande vya protini za moyo vilivyomwagika kutoka katika seli zilizokufa, huanza kuuchukulia moyo wenyewe kuwa ni adui. Kikulacho ki nguoni mwako.

Maradhi haya huwapata zaidi vijana wa kiume kuliko wanawake wa rika lao. Homoni za kiume zinaaminika kuchangia kwa kuukoleza mchochota, ilhali zile za kike huelekea kuutuliza.

Homa za mwambao

Mbu aina ya Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, ni mwenyeji wa miji ya Pwani. Tofauti na mbu wa malaria, yeye huuma mchana, na huzaliana katika maji safi yaliyotuama karibu na makazi ya watu. Ndiye anayeeneza dengue na chikungunya.

Majina ya maradhi hayo mawili yana asili ya Afrika Mashariki, au angalau yanahusishwa nayo. Daktari James Christie, Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar, alieleza mlipuko wa mwaka 1870 wa homa iliyoitwa na wenyeji kidinga popo, na wazee wakamweleza kuwa maradhi hayo yaliwahi kufika kisiwani mwaka 1823. Baadhi ya wanahistoria hulihusisha neno dengue na jina hilo la Kiswahili. Wengine, wakizingatia jinsi wagonjwa wa Christie walivyoumwa na viungo, wanaona kuwa huenda homa ile ilikuwa ni chikungunya.

Chikungunya yenyewe ilitambuliwa rasmi baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Jina lake limetokana na Kimakonde na linaeleza namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu.

Nusu karne baadaye, mwaka 2004, maradhi hayo yalilipuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa robo tatu ya wakazi wa mji huo walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamefika Mombasa, na mwaka 2005 yakavuka bahari hadi Komoro na kisiwa cha Réunion kinachotawaliwa na Ufaransa, ambako takriban theluthi moja ya wakazi waliugua. Ni huko Réunion ambako madaktari waliweza kuchunguza kwa makini wagonjwa waliozidiwa, wakakuta kuwa baadhi yao walikuwa na mchochota wa msuli wa moyo au moyo ulioshindwa kazi. Jambo hilo halikuwa limesisitizwa hapo awali, kwa kuwa chikungunya ilidhaniwa kuwa ni maradhi ya viungo tu.

Mombasa ilikumbwa tena katikati ya Desemba 2017. Kufikia tarehe 3 Februari 2018, visa 453 vilikuwa vimeripotiwa katika kaunti hiyo, 32 kati yavyo vikiwa vimethibitishwa maabarani. Dengue nayo imezuka mara kadhaa katika mji huo. Uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba mtaani Tudor mnamo Mei 2013 ulionyesha kuwa asilimia 13 ya waliopimwa walikuwa na dalili za maambukizi katika damu, ya wakati ule au ya siku zilizopita.

Katika homa zote mbili, saitokini ndizo zinazoamua mengi. Kwa chikungunya, viwango vya juu vya IL-6 vimehusishwa na maumivu ya viungo yanayodumu kwa miezi. Kwa dengue kali, protini hizo hulegeza kuta za mishipa hadi maji ya damu yakavuja, shinikizo la damu likashuka na moyo ukalazimika kufanya kazi kupita kiasi wakati wenyewe umedhoofika. Ndiyo sababu siku hatari zaidi kwa mgonjwa wa dengue si zile za homa kali, bali ni zile zinazofuata homa inapoanza kushuka.

Janga la korona lililoingia Kenya mnamo Machi 2020 liliifanya dunia nzima ijue neno saitokini. Wagonjwa waliozidiwa walikutwa na mchafuko mkubwa wa protini hizo katika damu, na mioyo ya baadhi yao iliathirika. Baadaye iligunduliwa kuwa chanjo za aina ya mRNA, yaani zile za Pfizer na Moderna, huweza kusababisha mchochota wa moyo kwa nadra sana, hasa kwa vijana wa kiume katika siku chache baada ya dozi ya pili. Wengi wao walipona haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliowachunguza wagonjwa wa aina hiyo walieleza mwaka 2023 kuwa hawakukuta kingamwili zinazoushambulia moyo, bali walikuta saitokini zilizozidi kiasi. Kwa jumla, hatari ya moyo kuathiriwa na korona yenyewe imeonekana kuwa kubwa kuliko ile ya chanjo.

Koo la mtoto, moyo wa mtu mzima

Kuna njia nyingine ambayo kinga hupitia kuudhuru moyo, nayo huanzia kooni. Mtoto anapopata mafindofindo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoki, mwili hutengeneza silaha za kuwaua. Kwa bahati mbaya, baadhi ya protini za bakteria hao hufanana na zile za moyo. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, baadhi ya watoto hupatwa na homa ya baridi yabisi: viungo huvimba kimoja baada ya kingine, na moyo nao huingia katika mchochota.

Jambo lililowashangaza madaktari tangu zamani ni kwamba msuli wa moyo wa watoto hao kwa kawaida hupona, ilhali vali, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, huendelea kuharibika kwa miaka mingi. Kikosi cha Luiza Guilherme na Jorge Kalil cha São Paulo, Brazil, kilitoa sehemu ya jibu mwaka 2004. Walichunguza vipande vya mioyo ya wagonjwa, wakakuta kuwa ndani ya msuli mlikuwa na chembe nyingi zinazotoa IL-4, saitokini inayosaidia kutuliza mchochota. Ndani ya vali chembe hizo zilikuwa haba mno, huku zile za kuchochea zikiwa tele. Moyo ulikuwa mmoja na adui alikuwa yule yule, lakini mahali palipokosa mtulizaji moto haukuzimika.

Maradhi hayo hustawi penye nyumba zilizosongamana, ambapo watoto wengi hulala chumba kimoja na kuambukizana. Kinga yake inajulikana na si ghali: mafindofindo ya streptokoki yakitibiwa vyema kwa penisilini, homa ya baridi yabisi huzuilika. Kwa waliokwisha kuathirika, sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne huzuia mashambulizi mapya. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 uliwashirikisha watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za maradhi hayo katika vali. Baada ya miaka miwili, hali ilikuwa imezidi kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa sindano hiyo, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Kwa nini mbiu isinyamazishwe?

Mtu anaweza kuuliza: kama saitokini ndizo zinazoumiza, kwa nini madaktari wasizizime kwa dawa? Wamejaribu, na matokeo yametoa funzo.

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowashirikisha wagonjwa 111 wenye mchochota wa msuli wa moyo. Waliopewa prednisone pamoja na dawa nyingine za kushusha kinga hawakupata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa. Kisha zikaja dawa za kuizuia TNF, zikajaribiwa kwa watu wenye udhaifu wa moyo. Majaribio ya etanercept yalisitishwa mwaka 2001 kwa kutoonyesha faida. Yale ya infliximab, yaliyochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha wagonjwa 150, yalionyesha kuwa waliopewa dozi kubwa walilazwa au kufariki zaidi.

Mwaka 2009, watafiti wa Italia walitoa habari za matumaini. Waliwachagua wagonjwa 85 wenye mchochota sugu ambao mioyo yao ilipimwa na kukutwa haina virusi tena, wakawapa baadhi yao prednisone pamoja na azathioprine. Mioyo ya waliopewa dawa ilipata nguvu, na ya wengine ikazidi kudhoofika.

Mwaka 2017 utafiti mwingine mkubwa, uliowashirikisha zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupatwa na shambulio la moyo, ulionyesha kuwa dawa ya kuizuia IL-1 ilipunguza mashambulio mapya kwa asilimia 15 katika dozi iliyofaa zaidi. Lakini waliopewa dawa hiyo walikufa kwa maambukizi zaidi kuliko wenzao. Mbiu ikinyamazishwa, mwizi naye huingia bila ya kusikika.

Funzo linalopatikana ni kwamba kuishusha kinga virusi vikiwa bado vimo moyoni ni kuuacha mji bila ya walinzi, bali kuishusha adui akiwa amekwisha kuondoka kwaweza kuokoa. Uamuzi huo ni wa daktari bingwa, tena baada ya vipimo. Haufai kufanywa kwa vidonge vya prednisolone au deksamethasoni vinavyonunuliwa dukani bila ya cheti ili kutuliza maumivu ya viungo.

Dalili na vipimo

Dalili za mchochota wa msuli wa moyo huweza kujificha ndani ya uchovu wa kawaida wa homa. Zinazopaswa kuhofiwa ni kifua kubana au kuuma, kuishiwa na pumzi unapotembea au unapolala chali, moyo kwenda mbio au kurukaruka, kizunguzungu na kuzirai, na miguu kuvimba. Mtoto mchanga huweza kukataa kunyonya, kupumua kwa haraka na kutokwa na jasho anaponyonya.

Daktari huanza kwa kupima umeme wa moyo kwa mashine ya ECG, kisha damu ili kutafuta troponini, protini ambayo hukaa ndani ya seli za moyo na huonekana kwa wingi katika damu pale tu seli hizo zinapoumia. Picha ya mawimbi ya sauti, ijulikanayo kama eko, huonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu. Picha ya MRI huonyesha uvimbe na kovu, na kipande kidogo cha moyo hukatwa na kuchunguzwa pale tu hali inapolazimu.

Mgonjwa wa Likoni au wa Changamwe anaweza kuanzia katika hospitali ya Likoni au ya Port Reitz, lakini hospitali kuu ya rufaa, Coast General, iko kisiwani. Mwenye kifua kinachobana hapaswi kungoja foleni ya feri ipungue au kukuche ndipo aondoke.

Pumziko ni dawa

Kwa walio wengi, matibabu ni ya kuusaidia moyo huku mwili ukijitibu: dawa za kupunguza mzigo wa moyo, za kurekebisha mapigo, na pumziko. Neno pumziko huchukuliwa kwa wepesi, ilhali ndilo lenye uzito kuliko yote. Majaribio ya tangu miaka ya 1960 yalionyesha kuwa panya walioambukizwa virusi vya Coxsackie na kulazimishwa kuogelea walikufa kwa wingi kuliko waliopumzishwa. Moyo uliochochota ukitumikishwa, mapigo huweza kuvurugika ghafla na mtu akaanguka.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa hushauriwa kuacha michezo na kazi nzito kwa muda wa miezi mitatu hadi sita, kulingana na vipimo vyake. Ushauri huo ni mgumu kwa hamali wa bandarini, msukuma mkokoteni wa maji au kijana anayeitegemea mechi ya jioni, kwa kuwa hao ndio wa rika na jinsia inayoathirika zaidi, na ndio ambao siku moja bila kazi ni siku moja bila ya riziki. Jamaa na waajiri wanapaswa kuelewa kuwa mtu anaweza kuonekana mzima ilhali moyo wake bado unauguza jeraha.

Mwenye homa ya mbu anashauriwa kunywa maji kwa wingi na kutuliza maumivu kwa parasetamoli. Aspirini na ibuprofen ziepukwe hadi itakapothibitishwa kuwa si dengue, kwani huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Kuziba ufa

Kwa kuwa hakuna dawa inayoweza kuchagua kwa usahihi saitokini za kunyamazisha na za kuacha, kinga bora ni kuizuia mbiu isipate sababu ya kulia. Maji ya Mombasa hutoka mbali, katika vyanzo vya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayafiki mabombani kila siku. Wakazi hulazimika kuyaweka katika mapipa, matangi na mitungi, navyo vyombo hivyo visipofunikwa huwa malezi ya mbu. Hali kadhalika vifuu vya nazi, magurudumu makuukuu na makopo yanayokinga mvua.

Yai la mbu huyo huchukua takriban wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu kamili. Chombo kinachomwagwa, kusuguliwa pande zake na kufunikwa kila wiki hakizai mbu. Mtoto mwenye mafindofindo na homa apelekwe kituo cha afya, na dozi ya dawa aliyopewa aimalize hata kama koo limepona siku ya tatu. Na aliyetoka katika homa kali asirudi mara moja katika kazi nzito, na kifua kikimbana asikihesabu kuwa ni uchovu tu.